Ukimpeleka mzee wa moyo hospitali na Kiswahili kinampiga chenga, fanya hivi

Bibi yangu mzaa mama ni wa Useri, Rombo. Kiswahili anasalimia, anahesabu hela sokoni, anaitikia kanisani, basi. Ukimuuliza mwili unamsumbua nini inabidi aseme kwa Kirombo maana ndo lugha aliyougulia maisha yake yote. Alipoanza kushtuka usiku anatafuta hewa, mjomba akamleta hospitali moja ya huku kwetu, mimi nikawakuta mapokezi. Daktari akauliza, bibi shikamoo, unaumwa nini. Bibi akaongea, tena aliongea kwelikweli, anashika shingo, anaegemea pembeni kama mtu anayetafuta mto, anaonyesha mlango. Alipomaliza mjomba akamgeukia daktari akasema, "Anaumwa kifua, dokta."

Hivo tu. Dakika nzima ya maneno ya bibi ikawa neno kifua. Tukatoka na dawa ya kikohozi ya chupa na amoksilini. Wiki mbili baadae miguu imevimba ukibonyeza kidole kinaacha shimo, ndo tukarudi, safari hii na mama mkubwa, na mama mkubwa akasema vilevile bibi alivyosema: "Nikilala chali kuna mtu ananikalia hapa, nikikaa anaondoka, ndo maana usiku nafungua mlango nikae kizingitini nipate upepo." Daktari akaacha kuandika akamwangalia bibi. Siku hiyohiyo akaandikiwa eko (picha ya moyo), ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na picha ya kifua, na ilikuwa moyo.

Nayaandika haya kwa sababu naona familia nyingi hapa Moshi zinapita njia hiyohiyo, na mambo mengi mnaweza kuyafanya nyie wenyewe bila kusubiri hospitali ibadilike.

Anzeni na hilo neno kifua. Kwa Kiswahili chetu cha kila siku mtu akisema naumwa kifua watu wanaelewa anakohoa, ana mafua yameshuka, au ni TB, kwa hiyo daktari mwenye foleni ya watu arobaini mlangoni anaenda huko moja kwa moja. Usiseme kifua ukaishia hapo. Sema kinabana au kinachoma au kama kuna uzito umewekwa juu, sema ni katikati au kushoto, maumivu yanaenda mkononi, begani, kwenye taya au mgongoni, yanakuja akipanda kilima na kuondoka akipumzika au yanakuja hata akikaa. Chembe ya moyo nayo ina mtego wake, kuna wanaosema chembe ya moyo wakimaanisha pale juu ya tumbo, anapewa dawa ya vidonda vya tumbo na shida ni moyo kweli, na kuna wengine wanasema moyo unachoma kumbe ni kiungulia. Dawa yake ni mzee aonyeshe kwa kidole au kiganja, na wewe useme "anaonyesha hapa", usitafsiri jina la sehemu.

Presha pia. Huku kwetu presha ni kila kitu, mtu akishtuka presha, akipata kizunguzungu presha, moyo ukienda mbio ni presha imepanda, akiishiwa nguvu ni ya kushuka. Daktari yeye akisikia presha anawaza namba za kwenye mashine. Kwa hiyo kama mzee hajawahi kupimwa usiseme ana presha, sema kinachotokea: moyo unadunda vibaya kama unaruka, unaanza ghafla au polepole, unakaa muda gani, aliwahi kuanguka au kuzimia.

Sasa kabla hamjatoka nyumbani, kaa na mzee jioni moja, mkiwa mmetulia, muulize kwa lugha yake na uandike kwenye daftari. Mimi nina daftari la kawaida la kurasa 48 na nimeandika kwa kalamu nyeusi. Usimuulize "unachoka?" maana mzee gani wa Kichagga atakwambia anachoka. Muulize kazi zake. Zamani alikuwa anapanda na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani bila kusimama, siku hizi je? Bibi alituambia anasimama mara tatu kwenye migomba hata akiwa mikono mitupu, hiyo sentensi moja ilimsaidia daktari kuliko mengi tuliyoyasema. Muulize analalia mito mingapi na mwaka jana alikuwa analalia mingapi. Muulize anaamka usiku anatafuta hewa, jioni kandambili zinambana, anakojoa mara ngapi usiku. Andika na lini ilianza, kwa vitu anavyovikumbuka yeye, kwamba kabla ya mvua za masika au baada ya Krismasi watu waliporudi mjini, tarehe utaitafuta mwenyewe.

Alafu weka kwenye mfuko dawa ZOTE anazokunywa, sio karatasi, dawa zenyewe, pamoja na za miti shamba na zile za magoti za duka la dawa. Hizi za magoti na mgongo, diklofenaki na ibuprofen, zinafanya mwili ushike maji na chumvi na kwa mtu ambaye moyo umechoka zinaweza kumrudisha wodini. Bibi alikuwa nazo kwenye kopo la sukari na hakuna aliyejua kwa sababu aliulizwa "unatumia dawa gani" akajibu hatumii, kwake yeye dawa ni ile umeandikiwa hospitali, ile nyingine ni ya magoti tu.

Hapa kwenye mkalimani ndo watu wanapokosea sana kwahiyo nitakaa kidogo. Watu wanabeba mtoto yeyote aliyesoma. Mkalimani sio aliyesoma, ni anayejua lugha ya mzee vizuri, anajua Kiswahili vizuri, na mzee anaweza kumwambia mambo ya mwili wake. Mjomba wangu ni mtu mzuri na anampenda mama yake kuliko sisi wote, lakini bibi hawezi kumwambia mtoto wake wa kiume kwamba anakojoa usiku mara tano au mkojo unamtoka akikohoa, na ile dawa ya moyo ya kutoa maji mwilini huwezi kuipanga bila kujua habari ya mkojo. Kwa mama mkubwa alisema. Kwa wenzetu Wamaasai ndo zaidi, heshima kati ya rika na rika, mkwe na mkwe, ni kitu kizito, usimweke mkwe katikati halafu ulalamike mzee anaficha.

Alafu usidhani "nesi ni Mchagga atatusaidia". Mtu wa Machame na mtu wa Rombo kila mmoja akishika cha kwao hawaelewani, hilo kila mtu wa hapa analijua lakini tukifika hospitali tunalisahau. Uliza nesi anatoka upande gani. Na mtoto wa miaka kumi na mbili msimpe hiyo kazi jamani. Bibi alipolazwa, kitanda cha pili toka kwake alikuwepo mzee wa Kimaasai toka Simanjiro, mjukuu wake yuko fomu wani ndo anamtafsiria. Daktari akasema moyo wa mzee unashindwa kufanya kazi. Yule kijana akanyamaza, akaangalia chini, akasema kitu kifupi kwa Kimaasai. Mzee akavuta shuka lake, na kuanzia saa hiyo ikawa ni nirudisheni nyumbani, hataki dawa, hataki chakula, anataka kufia kwenye ng'ombe wake.

Kumbe mtoto alimwambia moyo umekufa. Na sio kosa lake, hebu tafsiri wewe "moyo kushindwa kufanya kazi" uone kama hutasema hivohivo. Hilo jina linatisha kwa Kiswahili na linatisha kwa Kiingereza. Maana yake sio moyo umesimama. Ni kwamba pampu imechoka, haisukumi damu kama inavyotakiwa, ndo maji yanabaki miguuni na kwenye mapafu, na watu wengi wanaishi nayo miaka wakishika dawa. Jioni nesi mmoja akamtafuta mlinzi wa getini ambaye ni Mmaasai mtu mzima, akamuuliza mzee kwanza kama anakubali huyu asikie habari zake, mzee akakubali. Yule mlinzi akavuta kiti akasalimia salamu zote mpaka mwisho, hana haraka, ndo akaanza, oltau lako, yaani moyo wako, halijafa, ni kama punda aliyechoka, ukimpunguzia mzigo anafika. Usiku ule mzee alikunywa uji.

Kwahiyo kama hamna ndugu anayefaa, ombeni. Muulizeni sista wa zamu kama kuna mfanyakazi anayejua lugha hiyo, mtu mzima, na mzee aulizwe kwanza kama anaridhika. Au mpigieni ndugu aliyeko kijijini, muweke simu loudspika, daktari wengi wanakubali ukiomba vizuri.

Mkiingia chumba cha daktari, mkalimani akae karibu na mzee, sio karibu na daktari. Aanze kwa kusema, "Dokta, nitasema anavyosema yeye, naomba twende sentensi mojamoja." Alafu afanye hivohivo kweli. Mzee akisema maneno ishirini nawe usitoe mawili. Usimjibie. Sisi tunapenda kujibia wazee, daktari anauliza anakula vizuri, wewe umesharukia ndio, wakati mzee hajaulizwa. Na usimfiche. Najua tumezoea kumficha mgonjwa habari mbaya, tunaona ni upendo, lakini mgonjwa wa moyo asiyejua ana moyo ataacha dawa siku akijisikia nafuu, kwa nini aendelee kunywa vidonge vinavyomkojoza na yeye amepona? Msijaze huruma kwenye tafsiri. Huruma mtampa kwa mkono, kwa kumshika.

Kuna utafiti ulifanyika Toronto, Kanada, ukatoka mwaka 2019, waliangalia wagonjwa waliolazwa ambao Kiingereza hawakijui vizuri. Wale wa nimonia na waliovunjika nyonga hawakuonekana kurudi hospitali zaidi ya wenzao, lakini wenye moyo uliochoka walirudi zaidi. Mimi niliposoma hilo nikamuona bibi. Mfupa unaunganishwa hospitali ukaisha, ila moyo wanakupa dawa na maneno, kazi yenyewe inafanyika jikoni kwako miezi na miaka, na yale maneno kama hayakufika nyumbani na dawa nazo hazijafika.

Raundi ya asubuhi inahitaji moyo wa kuuliza. Madaktari wamesomea kwa Kiingereza, faili ni Kiingereza, wakisimama mguuni mwa kitanda wanaongea Kiingereza wao kwa wao na ni kawaida, sio kwamba wanawaficha. Tatizo wakimaliza wanahama kitanda. Wawahi kabla hawajahama, sema, "Samahani dokta, naomba utuambie kwa Kiswahili leo mmeamua nini." Maswali yangu mimi ni yaleyale kila siku: ugonjwa unaitwaje, mniandikie jina. Dawa hii ni ya nini, na hii. Kitu gani kikitokea turudi bila kusubiri siku ya kliniki. Halafu jibu likishatafsiriwa muombe mzee arudishe kwa maneno yake, sio "umeelewa?", maana "umeelewa" kila mzee anaitikia. Mwambie, bibi hebu niambie dawa hii utakunywaje. Mara ya kwanza bibi alisema atakunywa mguu ukivimba, ukishuka anaacha. Tungejuaje?

Kama kuna kuweka dole gumba kwenye karatasi, ya upasuaji au ya rufaa, mathalani mnapelekwa hospitali ya rufaa ya KCMC, au Dar kwenye taasisi ya moyo ya JKCI pale Muhimbili, asiweke mpaka ameelezwa kwa lugha yake na amerudisha kwa maneno yake. Dakika kumi hazitamuua. Isipokuwa ni dharura, hapo msicheleweshe.

Bahasha za dawa. 1x2 ni kidonge kimoja mara mbili kwa siku, 2x1 ni viwili mara moja, usizigeuze. Kwenye cheti ukikuta OD ni mara moja kwa siku, BD mara mbili, TDS mara tatu. Ukikuta 8hrly ni kila baada ya masaa 8, sio saa nane mchana, nimeona mtu kakaa na kidonge mkononi anasubiri saa nane ifike. Na tarehe ya kliniki ikiandikwa 8:00 ni saa mbili asubuhi, kuna wazee wanafika saa nane mchana kliniki imefungwa, wamepoteza nauli ya toka Tarakea. Mzee kama hasomi chora kwenye bahasha, jua linachomoza, jua la utosini, mwezi, na chini yake chora vidonge idadi yake. Dawa ya maji, ile furosemide watu wanaita Lasix, aulizie aielewe hasa: inamkojoza na ndo kazi yake, kukojoa sio ugonjwa mpya, na kwa kawaida inanywewa asubuhi ili usiku alale. Wengi wanaiacha siku ya safari au ya msiba kwa sababu ya aibu ya kutafuta choo. Mwambie daktari hiyo siku ipo, ataelekeza asogeze muda, kuliko kuacha kimyakimya. Wengine wakipewa enalapril au captopril, dawa za moyo na presha, wanapata kikohozi kikavu, wanasema "kifua" tena, mnarudi kwenye dawa ya kikohozi. Sema ni kikohozi kilichoanza baada ya dawa mpya, anaweza kubadilishiwa.

Warfarin ndo naiogopa kuliko zote kwa habari ya lugha. Wanakuelezea ni ya kufanya damu iwe nyepesi isigande. Sasa mwambie mama wa Kichagga damu yako tunaifanya nyepesi, anasikia nimepungukiwa damu, na damu ikipungua tunafanya nini? Mnafu, mchicha, maini, bakuli asubuhi na jioni, na majani ya kijani yana vitamini K inayopingana na hiyo dawa. Sio kwamba asile mboga kabisa, asile leo sufuria nzima na kesho hamna, ale kiasi kilekile kila wiki na apime INR, kipimo cha jinsi damu inavyoganda, siku aliyopangiwa. Msiseme nyepesi. Semeni ni dawa ya kuzuia damu isigande ndani, kwa hiyo akijikata itachelewa kukatika, akitoka damu kwenye fizi au choo kikiwa cheusi au akianguka akagonga kichwa waje hospitali.

Na watoto na vijana wenye moyo wa rumatiki (moyo ulioharibiwa na homa ya rumatiki), ile sindano ya penadur, ni penisilini, ya kila wiki tatu au nne sio ya kutibu homa ikaisha, ni ya kuzuia, inaenda miaka. Mzazi akisikia "sindano" anahesabu tano zimeisha. Muulize daktari mpaka umri gani, andika.

Chumvi. Bibi aliambiwa aache chumvi, akaacha kweli, akawa analia chakula hakina ladha, na miguu bado inavimba. Tunashangaa. Siku moja nimekaa nae jikoni nachochea moto, naona anachukua kibonge cha magadi anatupia kwenye makande. Nikamwambia bibi, si walikataza? Akanijibu walikataza chumvi, hii ni magadi. Na yuko sahihi, hakuna aliyemwambia! Kitu kibaya kwenye chumvi kwa mgonjwa wa moyo ni sodiamu, na magadi ni sodiamu. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima wa kawaida chumvi isifike gramu 5 kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kwa vyakula vyote, na mgonjwa afuate aliyoambiwa na daktari wake. Kwa hiyo mkalimani ataje vitu kwa majina ya jikoni: chumvi, magadi ya makande na ya kiburu, viungo vya pakiti vya kwenye supu, dagaa wa chumvi. Maharage loweka usiku kucha yataiva bila magadi, kuni zitaenda kidogo zaidi ila yanaiva.

Uzito apimwe asubuhi akishakojoa, kabla hajala, nguo zilezile. Ukipanda kilo 2 ndani ya siku tatu hayo ni maji, sio kunenepa, piga simu au mpeleke. Hapa pia mtafsiri vizuri maana huku kwetu mzee akiongezeka kilo watu wanamsifia amependeza. Na kifua kikibana kama kimefungwa kamba, jasho linamtoka, au ghafla pumzi inakata, hayo sio ya kusubiri kesho wala ya kuita ndugu kwanza, tafuteni gari.

Mwisho nilichofanya, mama mkubwa tulimrekodi kwenye simu, kwa Kirombo, anataja dawa mojamoja rangi yake na muda wake na kazi yake, pamoja na habari ya magadi. Dakika tatu na nusu. Dada anayekaa na bibi anamwekea asubuhi akiwa anakunywa chai, bibi anaitikia kama wanaongea. Namba ya mama mkubwa iko ukurasa wa kwanza wa lile daftari, imeandikwa kubwa, chini yake "mkalimani wa bibi", ili hata akipelekwa na jirani usiku nesi ajue wa kumpigia. Dozi ikibadilishwa tunafuta ile rekodi tunarekodi upya, msiache mbili kwenye simu moja.